Habari za Koti katika Nchi ya Newala na Masasi

Mtu apandaye mlima wa Wamakonde kutoka bonde la Ruvuma, akifika Newala ama Chilangala katika miezi ya Juni na Julai, huwakuta wazee wamekaa barazani asubuhi, nao wamevaa makoti. Wengine wameyavaa juu ya kanzu, wengine juu ya shati na msuli. Mara nyingine koti lenyewe ni la twidi, kitambaa kizito cha sufu ambacho asili yake ni Uskoti, nacho kilifumwa kwa ajili ya watu wa nchi ya mvua na baridi. Wageni husema, Haya ni maigizo ya Kizungu tu. Neno hili halina msingi, nasi twataka kuonyesha sababu zake kwa kufuata habari za lugha na za nchi.

Tuanze na lugha. Jina la koti latoka katika Kiingereza, lakini halikukuta mahali patupu. Watu wa pwani tangu zamani walikuwa na joho, vazi la sufu la wakubwa, na jina lake ni la Kiarabu. Walikuwa na bushuti, jina la Kiarabu vilevile, na kizibao cha kuvaliwa juu ya kanzu. Koti refu la askari waliliita kabuti, na neno hilo lafanana na la Kireno, capote. Hata fulana, ambayo leo ni nguo nyepesi ya pamba, ilipata jina lake kwa kitambaa laini cha sufu cha Waingereza. Basi msomaji ataona ya kuwa kuvaa nguo nzito juu ya kanzu kulikuwa alama ya heshima pwani kabla ya koti kuja. Koti lilikalia kiti cha joho.

Habari ya pili ni ya utumwa. Katika Unguja ya zamani mtumwa alijulikana kwa nguo zake: alivaa merikani ama kaniki, wala hakuruhusiwa kufunika kichwa wala kuvaa viatu kama mwungwana. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwaleta Masasi watu waliokombolewa katika utumwa, wakajenga kijiji chao huko. Mtu aliyekatazwa jana kufunika kichwa chake, akivaa leo nguo iliyoshonwa, huijua thamani yake kuliko aliyezaliwa nayo.

Hapo palikuwa na shauri kubwa. Wamisionari wa Universities' Mission hawakupenda wanafunzi wao wageuke Wazungu kwa mavazi. Katika chuo cha Kiungani, Unguja, vijana walivaa kanzu na kofia, nayo ilihesabiwa kuwa nguo ya nchi. Nia yao ilikuwa njema, lakini kuna jambo walilolisahau. Kanzu ilikuwa nguo ya pwani. Kwa Mmakonde na Mmakua wa bara ilikuwa mgeni kama koti. Wazee wa huko walijua nguo za magome ya mti, kisha shuka za merikani zilizopandishwa na misafara. Basi aliyemwambia kijana, Vaa kanzu, usivae koti, alimchagulia mgeni mmoja badala ya mwingine.

Habari ya tatu ni ya kodi na kazi. Wadachi waliweka kodi ya nyumba mwaka 1898, na Waingereza baada yao waliendelea kutoza. Ili kupata fedha wanaume wengi walishuka katika mashamba ya mkonge ya Lindi na Mikindani, wakafanya kazi ya kipande, yaani karatasi iliyotiwa alama kila siku mpaka zitimie siku 30. Tangu hapo mtu alikuwa na karatasi za kutunza: kipande, stakabadhi ya kodi, cheti cha ubatizo, barua. Shuka haina mahali pa kuziweka. Koti lina mifuko, tena mmoja wa ndani, karibu na kifua. Aliyeulizwa njiani kama amelipa kodi, akaitoa stakabadhi mfukoni, aliona faida ya mfuko ule.

Habari ya nne ni ya vita. Mwezi wa Oktoba 1917 palikuwa na mapigano makali Mahiwa, nyuma ya Lindi. Kisha Wadachi walirudi nyuma kupita nchi hii, na tarehe 25 Novemba jemadari wao von Lettow-Vorbeck akavuka Ruvuma. Wapagazi waliochukuliwa na pande zote mbili walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi kuliko kwa risasi. Baada ya vita makabuti ya askari yaliuzwa madukani, na ngoma ya beni ikaenea, pamoja na vyama vyake vya Marini na Arinoti. Wachezaji walijipa vyeo vya kijeshi, wakashindana kwa unadhifu wa makoti. Waliokuwa wakibebeshwa mizigo ya maafisa sasa walijiita maafisa wenyewe. Tena vita vya 1939 hata 1945 viliwachukua watu zaidi ya 80,000 wa Tanganyika, wengine wakafika Burma, nao waliorudi walirudi na desturi ya koti.

Habari ya mwisho ni ya siku zetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nguo ziliadimika sana. Biashara ilipofunguliwa, mitumba iliingia kwa marobota, na ndani yake makoti ya twidi ya watu wa Ulaya na Marekani. Koti ambalo zamani lilikuwa mshahara wa miezi sasa hupatikana kwa fedha ya korosho chache. Hasara yake imewaangukia mafundi wa cherehani, ambao hawawezi kushindana na bei hiyo. Lakini maana haikupotea. Wavulana wakitoka jandoni huvikwa nguo mpya, ili watu wajue ya kuwa aliyeingia mtoto ametoka mwingine. Na mzee aendaye kanisani, barazani ama mazikoni hulitafuta koti lake kwanza, hata jua likiwa kali.

Kwa hiyo asemaye ya kuwa mzee wa Chilangala amejigeuza Mzungu, na akumbuke mambo haya: ya kuwa mlimani kuna baridi, ya kuwa babu zake wengine walinyimwa nguo ya heshima, na ya kuwa mfuko ule wa ndani ulichukua ushahidi wa kodi aliyolipa na kazi aliyofanya. Koti lilishonwa kwingine, lakini sababu za kulivaa zilitoka hapa.