Habari za Dawa za Nywele za Kihindi katika Nyamityobora

Kabla ya reli, kabla ya majahazi ya Sayyid Said, sultani wa Zanzibar, na kabla hata ya Uislamu kuwasili katika pwani yetu, mafuta yalikuwa yakivuka bahari kutoka Bara Hindi kuja Afrika ya Mashariki. Maana baharia mmoja wa Kiyunani wa karne ya kwanza, aliyeandika kitabu cha safari za Bahari ya Hindi kijulikanacho kwa jina la Periplus, ametaja samli na mafuta ya ufuta miongoni mwa bidhaa zilizopakiwa upande wa Gujarati na kuteremshwa katika bandari za nchi ya Wasomali. Nayataja haya ya kale kwa sababu mtu apitaye leo katika Nyamityobora, mtaa wa mji wa Mbarara ambamo Kiswahili husikika kutwa, akaona pakiti za hina na kopo la unga wa amla juu ya meza ya mwuza manukato, huenda akadhani kuwa huo ni mtindo mpya wa vijana. Dhana hiyo si sahihi. Dawa hizi zilifika huku bara kwa njia ya duka la Mhindi, lakini waliozihifadhi, hata baada ya duka lenyewe kufungwa kwa amri ya serikali, walikuwa wanawake.

Elimu yenyewe ni kongwe. Matabibu wa Kihindi, ambao vitabu vya Charaka na Sushruta ndivyo asili yao, waliyasifu sana matunda ya amla, na majani ya bhringraj wakayachemsha ndani ya mafuta ya ufuta au ya nazi ili yapakwe kichwani. Na kwa kuosha walitumia maganda ya shikakai na ya matunda ya ritha, ambayo yakipondwa na kutiwa maji hutoa povu kama sabuni, bila ya magadi wala mafuta ya mnyama. Katika utaratibu wao mafuta hutangulia, kuosha hufuata. Na jambo hili, ambalo kwa nywele za singa ni zuri, kwa nywele zetu za kipilipili ni la lazima, kwa kuwa shikakai na ritha huondoa mafuta, na nywele zilizojikunja hukauka upesi na kukatika. Ajabu ni kwamba bhringraj yenyewe humea pia katika Afrika, kandokando ya mitaro na mahali penye majimaji, na wapita njia huikanyaga wakiidhani gugu tu.

Katika pwani ya Waswahili mambo hayo yalichanganyika na ya Kiarabu hata haikuwezekana tena kuyatenga. Hina ilikuwa ya bibi harusi na ya Idi. Tena ilikuwa na heshima ya dini, kwa kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, aliisifu kwa kubadili rangi ya mvi. Uwatu, ambao watu wengine huujua kwa mchuzi tu, uliloweshwa usiku kucha mpaka ukawa na utelezi, ukasagwa, ukapakwa kichwani kwa ajili ya mba. Mafuta ya nazi yalichemshwa pamoja na asumini. Kungwi ndiye aliyekuwa mwalimu wa yote hayo, na mwari alijifunza chumbani, kwa mkono na kwa pua.

Njia ya kuingia bara ilifunguliwa na wafanyabiashara. Allidina Visram, Khoja wa Kiismailia aliyezaliwa Kutch katika Bara Hindi mwaka 1851 na kufika pwani hii angali mtoto mwaka 1863, alifuata njia za misafara kutoka Bagamoyo, akatandaza maduka yake mpaka ndani ya Uganda. Na reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 ilipofika Ziwa Victoria mwaka 1901, gharama ya kuchukua mizigo ikashuka, na mwenye duka mdogo naye akaweza kujaribu bahati yake. Mwaka huo huo wa 1901 ndipo Waingereza walipofunga mapatano yao na ufalme wa Ankole, ambao makao yake ya serikali yalikuwa Mbarara. Reli haikuufikia mji huo hata siku moja, kwani ilipoongezwa kuelekea magharibi ilipita kaskazini yake na kukomea Kasese mwaka 1956. Basi kila gunia la viungo lililofika Mbarara lilikuja kwa barabara. Katika maduka hayo, karibu na chumvi, amerikani na mafuta ya taa, palikuwa na vikopo ambavyo Mhindi aliviagiza kwanza kwa ajili ya watu wa nyumbani kwake.

Wala isidhaniwe kuwa dawa hizo zilikuta vichwa visivyotunzwa. Wahima wa Ankole walikuwa wakijipaka siagi ya ng'ombe wao tangu zamani, na mwanamke wa Kihima alijua vyema kipimo cha mafuta yapasayo ngozi na yale yaliyozidi. Jambo la mafuta kutangulia halikuwa geni kwake. Lililokuwa geni ni majani, rangi na harufu.

Tarehe 4 Agosti 1972 Rais Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke, akawapa siku 90. Maduka yakagawiwa watu ambao wengi wao hawakujua bidhaa huagizwa wapi, na baada ya muda mfupi hata sabuni ikawa kitu cha kutafutwa kwa magendo. Serikali hiyo ilipiga marufuku hata mawigi. Kisha Februari 1979, katika vita dhidi ya Amin, majeshi ya Tanzania yakautwaa mji wa Mbarara, na sehemu kubwa ya mji ikabomolewa kwa mizinga na baruti. Mtu angetazamia kwamba desturi iliyotegemea duka ingekufa pamoja na duka. Haikufa, kwa sababu maarifa hayakuwa yamewekwa rafuni: mwanamke aliyejua kulowesha uwatu na kuchemsha majani hakukosa kabisa cha kuoshea kichwa. Nawaheshimu wanawake hao kuliko niwezavyo kueleza, na inanisikitisha kwamba vitabu vya historia ya mji huo, vinavyohesabu mizinga na magari, haviwataji.

Tena kuna Nakivale, kambi ya wakimbizi. Kambi hiyo, iliyo katika wilaya ya Isingiro kwenye ukingo wa ziwa la jina hilo, ilifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Watutsi waliokimbia Rwanda, na baadaye ikapokea Wakongo, Warundi, Waethiopia na Wasomali. Wasomali walikuja na qasil, unga wa kijani wa majani ya mkunazi, ambao hutoa povu na kuosha nywele kwa upole. Mikunazi huota Bara Hindi na katika pwani ya Waswahili pia, na majani ya mkunazi ndiyo ambayo Waislamu huyatia katika maji ya kuoshea maiti. Hivyo mkunazi humhudumia bibi harusi na marehemu. Mwanamke wa Kikongo aliyetoka Bukavu, na kwao hakuijua qasil wala amla, huvipata vyote viwili sasa kwa jirani, kwa Kiswahili, na akienda Mbarara kununua bidhaa hujua cha kuuliza.

Nimewatazama wanawake wafanyapo kazi ya kupaka hina katika Nyamityobora. Hina huchekechwa kwanza kwa kitambaa chembamba, kisha huvurugwa kwa chai kavu ya moto na ndimu, ikafunikwa mpaka itoe rangi. Anayetaka rangi iliyokoza huongeza amla iliyolala katika karai la chuma, kwani ukali wa tunda ukikutana na chuma hugeuka mweusi. Kichwa hugawanywa mafungu, hupakwa, kikafungwa kwa jani la mgomba lililobabuliwa juu ya makaa, ambalo katika nchi ya matoke halikosekani. "Mwanangu, kesho usitie sabuni," bi mkubwa humwambia msichana, "tia mafuta, kisha tulia."

Rangi ya hina hushikamana na unywele wenyewe, ndiyo maana haiondoki kwa maji. Lakini haioteshi nywele palipo na upara, na muuzaji asemaye hivyo anadanganya. Hatari iko kwa piko, ile "hina nyeusi" ambayo si hina, bali ni rangi ya viwandani yenye dawa iitwayo parafenilenidiamini, iwezayo kuchoma ngozi na kuvimbisha uso. Wanunuzi hodari wa Nyamityobora huijaribu hina kabla ya kulipa: huomba chembe kiganjani, huinusa kama ina harufu ya majani makavu, huitia tone la maji, kisha husubiri. Ikitoka rangi ya chungwa iliyoiva, hununua; ikitoka nyeusi papo hapo, humrudishia mwenyewe.