Jina la Divai: Wakulima wa Mizabibu na Vijana wao katika Languedoc, 1907

Kiswahili kina majina mawili ya kinywaji kitokanacho na zabibu. Mvinyo ni neno lililotujia kutoka Kireno, nalo hutumika hata kwa vileo vikali visivyohusiana na zabibu; divai huhusishwa na Kifaransa, na maana yake ni finyu zaidi. Zabibu lenyewe ni neno la Kiarabu, na katika lugha hiyo hutaja tunda lililokaushwa, hali sisi huliita hivyo likiwa bichi au kavu. Kwa msemaji wa kawaida tofauti hizi hazina uzito. Kwa mkulima wa mizabibu wa kusini mwa Ufaransa, mwanzoni mwa karne ya 20, zilikuwa tofauti za shibe na njaa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika historia ya eneo la Languedoc msaada wa kweli kwa mkulima ulianza pale jina la zao lake lilipolindwa, na kwamba vijana wa eneo hilo waliutambua ukweli huu mapema.

Languedoc imo kando ya Bahari ya Mediterania, na miji yake mikuu ya divai ni Béziers, Narbonne na Montpellier. Kuanzia mwaka 1863 mizabibu ya kusini ilianza kunyauka bila sababu kujulikana. Mwaka 1868 Jules-Émile Planchon na wenzake wa Montpellier waligundua mizizini mdudu mdogo aliyetoka Marekani, aitwaye filoksera. Tiba iliyofaulu ilikuwa kupandikiza mizabibu ya Ulaya juu ya mashina ya Kimarekani ambayo mdudu huyo hakuweza kuyaua. Kazi hiyo ilidai fedha nyingi, na wakulima wengi wadogo waliingia katika madeni.

Wakati mashamba yamekufa, wanywaji hawakupungua. Wafanyabiashara walijaza pengo hilo kwa kuloweka zabibu kavu zilizoagizwa kutoka Ugiriki na Uturuki, au kwa kutia sukari na maji katika makapi ya zabibu zilizokwisha kukamuliwa. Vinywaji hivi vyote viliuzwa kwa jina moja. Sheria ya mwaka 1889 ilijaribu kulirudishia jina hilo maana yake, kwa kuamuru kuwa divai ni kinywaji kilichochachuka kutokana na zabibu mbichi au maji yake, wala si kitu kingine. Lakini sheria ni maneno tu ikiwa hapana wa kuisimamia. Mwaka 1903 kodi ya sukari ilipunguzwa, na kughushi kukawa rahisi kuliko hapo awali. Isitoshe, divai ya walowezi wa Algeria iliingia Ufaransa bila ushuru. Mashamba ya Languedoc yalipofufuka na kuzaa kwa wingi, bei ilikuwa imekwisha kuporomoka.

Wahenga wetu walisema: Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii huchukulia kwamba mnunuzi anaweza kukitambua chema anapokiona. Pale chema na kibaya vinapoitwa kwa jina moja, na kibaya kikawa rahisi, chema hakijiuzi tena, huoza pipani.

Tarehe 11 Machi 1907, watu 87 wa kijiji cha Argeliers waliandamana kwa miguu hadi Narbonne ili kutoa malalamiko yao mbele ya tume ya wabunge. Aliyewaongoza ni Marcelin Albert, mwenye mkahawa na shamba dogo la mizabibu. Kuanzia hapo mikutano ilifanywa kila Jumapili, na kila mmoja ulikuwa mkubwa kuliko uliotangulia. Tarehe 9 Juni, mjini Montpellier, walikusanyika zaidi ya watu nusu milioni. Askofu de Cabrières alifungua milango ya makanisa ili waliokosa malazi wapate pa kulala. Baadhi ya hotuba na mabango yalikuwa katika Kioksitani, lugha ya nyumbani ya wakulima hao, ambayo shule za serikali ziliwakataza watoto kuizungumza. Frédéric Mistral, mshairi mashuhuri kupita wote wa lugha hiyo na mshindi wa tuzo ya Nobel ya mwaka 1904, aliombwa asimame pamoja nao, naye akakataa. Msomi wa lugha yoyote ile ana haki ya kulitafakari jambo hilo.

Serikali ya Georges Clemenceau ilijibu kwa majeshi. Tarehe 19 Juni alikamatwa Ernest Ferroul, daktari na meya msoshalisti wa Narbonne. Katika siku hiyo na iliyofuata askari waliwafyatulia raia risasi, na watu wakafa. Habari hizo zilifika Agde, walikokuwa askari wa kikosi cha 17 waliohamishwa kutoka Béziers siku chache kabla. Wengi wao walikuwa vijana wa eneo hilo hilo, wana wa wakulima waliokuwa wakiandamana. Yapata askari 500 walichukua silaha, wakatembea usiku kucha hadi Béziers, wakakataa kuwapiga jamaa zao. Baadaye walipelekwa Gafsa, nchini Tunisia. Tendo lao lilidhihirisha kwamba kijana hakuwa amejitenga na shamba kwa kuvaa sare. Alijua kuwa zao likifa jina, naye hana urithi.

Sheria ya tarehe 29 Juni 1907 ilimlazimu kila mkulima kutangaza ukubwa wa shamba lake, kiasi cha mavuno na akiba aliyo nayo, na ikaongeza kodi juu ya sukari ya kutilia divai. Kwa njia hiyo iliwezekana kujua kama kilichouzwa kilizidi kilichovunwa. Septemba mwaka huo wakulima waliunda shirikisho lao, chini ya Ferroul, ili wao wenyewe wawafichue wenye kughushi. Aidha walikuwapo waliokwisha kuonyesha njia nyingine: tangu mwaka 1901 wakulima wadogo wa Maraussan waliunganisha divai yao na kuiuza moja kwa moja kwa vyama vya ushirika vya wanunuzi wa Paris, bila mchuuzi wa kati. Vyama vya namna hiyo vilienea kote kusini katika miongo iliyofuata. Mwaka 1935 ikaundwa kamati ya taifa ya kulinda majina ya divai kwa mujibu wa mahali itokako.

Hata hivyo ulinzi wa jina haukumaliza dhiki. Mwaka 1973 Ufaransa ilianza kuwapa wakulima vijana ruzuku ya kuanzia kazi, kwanza katika maeneo ya milimani, na mwaka 1976 nchini kote. Mwaka huo huo wa 1976, tarehe 4 Machi, huko Montredon karibu na Narbonne, wakulima waliokuwa wakipinga divai rahisi kutoka Italia walifyatuliana risasi na polisi. Mkulima mmoja na afisa mmoja wa polisi wakauawa. Na mwaka 2024 serikali ilitoa euro 4,000 kwa kila hekta ya mizabibu itakayong'olewa kabisa, kwani wanywaji wamepungua. Ruzuku humwezesha kijana kupanda. Haimhakikishii bei atakapovuna.

Kutokana na hayo tunaweza kusema kuwa msaada kwa mkulima una ngazi tatu: jina la zao lilindwe, wakulima wauze kwa pamoja, na kijana apate mtaji. Languedoc ilizipanda kwa taratibu hii, na ngazi ya tatu haikuweza kusimama pale mbili za kwanza zilipotikisika. Jambo hili halituhusu kwa mbali. Mkoani Dodoma, nchini Tanzania, wakulima wadogo huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na mauzo yao yanategemea watengenezaji wa divai. Wataalamu wa kilimo watawashauri juu ya udongo na maji. Juu yetu sisi wa lugha kuna kazi nyingine: kueleza bayana, katika kamusi na katika Kiswahili cha sheria, mvinyo ni nini na divai ni nini, ili mkulima wa huko awe na neno la kushikilia siku atakapolihitaji.