Mtu Aliyetengana na Nafsi Yake

Tarehe 5 Novemba 2008 haisahauliki kwetu Kiwanja. Baada ya mapigano na Mai-Mai, askari wa CNDP walipita nyumba kwa nyumba wakiua wanaume na vijana. Waliohesabiwa baadaye walikuwa 150 kwa uchache, na kambi ya MONUC ilikuwa karibu. Habari za waliokufa zimeandikwa. Mimi nataka kusema habari za waliobaki.

Mama mmoja wa parokia yetu, akisikia mlango ukigongwa kwa nguvu, macho yake husimama. Ukimwita haitiki. Baadaye hurudi akauliza, “Nilikuwa wapi?” Tulisema ni pepo. Mimi nami nilikuwa miongoni mwa waliokesha wakimwombea kwa makelele, tukimwamuru pepo atoke, na mama akazidi kupotea. Tulikosa. Katekisimu ya mwaka 1992, namba 1673, yataka ihakikishwe kwanza kwamba si ugonjwa. Na Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1172, haimpi mtu yeyote kazi hiyo pasipo ruhusa ya askofu, wala askofu haimpi ila padre. Katekista hayumo!

Tena ugonjwa wenyewe si mpya. Mfaransa Pierre Janet, aliyekuwa mwalimu wa falsafa mjini Le Havre, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1889 kwamba hofu kuu yaweza kuivunja fahamu ya mtu. Kipande kimoja chaendelea na kazi za kila siku, kingine chabaki palepale penye hofu. Hivyo mtu alima, apika, asali, na huku sehemu yake ingali mlangoni usiku ule. Janet alifundisha kwanza kumtuliza mgonjwa na kumtia nguvu, ndipo kuigusa kumbukumbu kidogo kidogo, na mwisho kumrudisha katika maisha yake. Sisi kwa makelele yetu tuliiruka hatua ya kwanza.

Katika kambi ya Nakivale, nchini Uganda, Frank Neuner na wenzake kutoka Ujerumani waliwafundisha wakimbizi wenyewe kuwatibu wenzao. Mgonjwa husimulia maisha yake tangu kuzaliwa, mabaya na mema kwa utaratibu wake, na mshauri huandika, kisha humsomea. Akianza kupotea katikati ya maneno, mshauri humvuta arudi: Waona nini hapa? Miguu yako yakanyaga nini? Leo ni siku gani? Matokeo yalitangazwa mwaka 2008. Katika Wanyarwanda na Wasomali 277, karibu 7 kati ya 10 waliotibiwa hivyo hawakuwa tena na ugonjwa wa mshtuko baada ya miezi tisa; kwa wasiotibiwa, hawakufika 4. Mashauri ya kawaida nayo yalisaidia karibu sawa, jambo lililonifurahisha, maana kusikiliza kwa upole hakuhitaji chuo kikuu.

Mwezi wa Oktoba 2022 M23 waliingia Kiwanja, na mama yule akapotelewa tena. Mara hii hatukupiga kelele. Mmoja alimtajia polepole siku na jina la mtaa, mwingine akampa limau anuse, tukamvua viatu akanyage udongo. Alirudi kabla uji wake haujapoa, akaunywa.