Miji Waliyokaa Walpole na Gray, 1739–1741

Kama ungepewa miaka miwili na fedha za kutosha kuizunguka Ulaya, ewe msomaji, ungekaa mji gani, na kwa muda gani? Usifanye haraka kujibu. Swali hili liliwakabili vijana wengi wa nyumba za kitajiri za Uingereza katika karne ya 18. Desturi yao ilikuwa kumaliza masomo kwa safari ndefu ya Ufaransa na Italia, nayo iliitwa Safari Kuu. Miji yenye sifa ilijulikana na wote: Paris, Turin, Florence, Roma, Naples na Venice. Lakini kupita katika mji ni jambo moja, na kukaa ni jingine.

Hapa nitakueleza habari za wawili tu, kwa kuwa barua zao zipo hata leo. Mmoja ni Horace Walpole, mwana wa Sir Robert Walpole aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza. Wa pili ni Thomas Gray, mwana wa karani wa London, ambaye baadaye alipata sifa kubwa kwa ushairi. Walikuwa marafiki tangu shuleni Eton. Walivuka bahari mwezi Machi 1739, Walpole akiwa na miaka 21 na Gray 22. Gharama zote zilitoka katika mfuko wa Walpole, na jambo hili lishike vema, maana mwenye mfuko ndiye mwenye kauli.

Baada ya Paris walikwenda Reims wakakaa miezi mitatu. Kwa nini Reims? Ni mji wenye kanisa kuu walimotawazwa wafalme wa Ufaransa, lakini si hilo lililowavuta. Walitaka kujifunza Kifaransa. Paris ilijaa Waingereza, na Mwingereza akikutana na mwenziwe ugenini huongea Kiingereza tu. Reims wenyeji waliwakaribisha, na jioni zikapita kwa karata na matembezi. Kwa maoni yangu huo ulikuwa uchaguzi wa busara kuliko wote waliofanya.

Mwezi Novemba wakavuka milima ya Alps kwa njia ya Mont Cenis. Wakati huo gari halikuweza kupita. Lilifunguliwa vipande vipande vikapakiwa juu ya nyumbu, na wasafiri wakabebwa vitini na watu wa milimani. Njiani mbwa mwitu alitoka msituni mchana kweupe akamnyakua mbwa mdogo wa Walpole, aliyeitwa Tory, mbele ya macho yao. Safari ya namna hiyo hairudiwi ovyo. Ndiyo sababu msafiri aliyekwisha vuka alikaa Italia miezi mingi. Reli ya kupita chini ya milima hiyo ilifunguliwa mwaka 1871, na tangu hapo watu wakaanza kuhesabu kukaa kwao kwa siku.

Walifika Florence mwezi Desemba. Huko Horace Mann, aliyesimamia shughuli za serikali ya Uingereza, aliwapokea nyumbani kwake kando ya mto Arno. Mwezi Februari 1740 Papa Clement wa 12 alifariki, nao wakashuka Roma mwezi Machi, wakitaraji kuona Papa mpya akitawazwa. Makadinali walifungiwa ndani wakipiga kura, wiki baada ya wiki, na jina halikupatikana. Vijana wetu wakaenda Naples, wakaona watu wakichimbua Herculaneum, mji uliofukiwa na mlima wa moto Vesuvius mwaka 79. Uchimbaji huo ulikuwa umeanza mwaka 1738 tu.

Kisha joto likaja, na hapa kuna neno ulijualo. Waitaliano walisema kwamba kila kiangazi hewa mbaya hutanda Roma na kuua watu. Hewa mbaya kwa lugha yao ni mala aria. Walpole aliliandika neno hilo katika barua ya mwezi Julai 1740, na barua hiyo ni miongoni mwa maandishi ya kwanza ya Kiingereza kulitumia. Mbu aliyewauma usiku hakuna aliyemshuku. Habari zake zilithibitishwa miaka ya 1897 na 1898, kwa kazi ya Ronald Ross huko India na Giovanni Battista Grassi huko Italia. Basi waliikimbia Roma. Papa Benedict wa 14 alichaguliwa mwezi Agosti, nao hawapo.

Walirudi Florence, wakakaa hadi mwaka uliofuata. Walpole aliupenda mji huo kwa dansi, michezo na marafiki. Gray aliupenda kwa sanamu na picha. Alipokwisha ziona, akajifungia na mashairi yake ya Kilatini, akingoja mwenziwe achoke. Hakuwa na fedha za kuondoka peke yake.

Mwezi Mei 1741 walifika Reggio wakati wa sikukuu ya soko lake. Huko waligombana vibaya, wakaachana. Gray alikwenda Venice. Walpole alibaki akaugua karibu ya kufa. Walipatana mwaka 1745, na Gray alipokwisha kufa, Walpole aliandika kwamba kosa lilikuwa lake: yeye alitaka karamu, rafiki yake alitaka magofu, na kiburi cha kuwa mwana wa waziri kilimfanya asione.

Gray alirudi kwao akiwa mwenye hiari ya njia yake. Mwezi Agosti 1741, kabla ya kuifuata njia kuu ya Ufaransa, alipanda tena milimani hadi Grande Chartreuse, nyumba ya watawa waliyoizuru pamoja mwaka 1739. Katika kitabu cha wageni aliandika shairi la Kilatini, akiomba kwamba kama hatajaliwa kukaa hapo, basi uzeeni apewe pembe yoyote iliyo tulivu, mbali na makelele ya watu.