Aliyechaguliwa wa Pili na Asiyechaguliwa Kabisa: Jibu Langu kwa Kijana wa Kasikeu

Mwezi uliopita nilifuatana na shemeji yangu mpaka Kasikeu, kule Makueni, kununua ndengu za kuteremsha Mombasa. Ukitoka Pwani kwa barabara kuu ya Nairobi, Kasikeu iko upande wa Sultan Hamud, mji ambao jina lake ni letu hasa. Uliitwa kwa Sultani Hamud bin Muhammed wa Unguja, aliyetawala kuanzia 1896 mpaka 1902, zama reli ilipokuwa ikipanda kwenda bara. Kwa hivyo hata Ukambani mtu wa Pwani hakosi pa kuanzia mazungumzo.

Shemeji alipokuwa akipimiwa magunia yake, nilisogea kivulini nikawatazama vijana wakicheza mpira wa vikapu. Ringi ilikuwa chuma cha kuchomelewa, imepigiliwa kwenye mbao juu ya nguzo, na uwanja ni mchanga mwekundu. Mpira ukidunda huenda utakako wenyewe. Mmoja wao, mrefu kuliko wenziwe wote, alipopumzika alikuja kunisalimu. Aliona kofia yangu akaniita Ustadh. Aliposikia kwamba huandika, akaniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Ustadh, mtu akikosa NBA, si amekwisha?"

Akanieleza. Yuko kidato cha tatu. Shule moja ya mbali imemwita kwa sababu ya mpira, na karo itapunguzwa. Babake hataki, asema mpira haulishi mtu. Mwalimu wake naye amemwambia kwamba yule Mtanzania, pamoja na urefu wake wote, alifika Marekani akashindwa, sembuse yeye wa Kasikeu. Muhula ukifunguliwa lazima awe ameamua.

Nilimjibu maneno ya kutuliza tu, kisha lori likapiga honi. Njia nzima swali lile lilinikaa kooni. Hili hapa ndilo jibu ambalo ningempa kama ningekuwa na saa moja zaidi.

Mtanzania mwenyewe

Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam tarehe 16 Februari 1987. Hakushika mpira wa vikapu mpaka alipokuwa na umri wa miaka 15 hivi. Alipita Kenya kwa masomo, katika shule ya Laiser Hill pale Ongata Rongai, kaunti ya Kajiado, ambayo ni jirani wa mlango kwa mlango na Makueni. Kutoka hapo akavuka kwenda Houston, Texas, akamalizia sekondari katika shule ya Cypress Christian, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut mwaka 2006.

Alikaa chuoni misimu mitatu. Msimu wa mwisho, 2008-09, alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8, na mitupo 4.2 aliyoizuia katika kila mchezo. Alitajwa mchezaji bora wa ligi yao ya Big East pamoja na DeJuan Blair wa Pittsburgh, na timu yake ikafika nusu fainali ya taifa. Tarehe 25 Juni 2009, NBA ilipochagua wachezaji wapya, Memphis Grizzlies walimchukua yeye akiwa wa pili. Wa kwanza alikuwa Blake Griffin. James Harden alifuata akiwa wa tatu, na Stephen Curry akangoja mpaka nafasi ya saba.

Hapo ndipo watu huanza kucheka, kwa kuwa Harden na Curry walikuja kuwa wafalme wa mchezo. Lakini tazama alikofikia Hasheem. Memphis tayari walikuwa na Marc Gasol kama senta na Zach Randolph karibu naye. Kijana aliyekuwa na miaka kama saba tu tangu ashike mpira aliwekwa nyuma ya watu wawili waliokuwa wakipanda kileleni. Februari 2010 alipelekwa Dakota Wizards, timu ya ligi ndogo. Mpaka siku hiyo hakuna mchezaji aliyechaguliwa juu kiasi kile aliyewahi kuteremshwa huko. Mwaka uliofuata akapelekwa Houston Rockets, baadaye Portland, kisha misimu miwili Oklahoma City. Alipotoka NBA mwaka 2014 alikuwa amecheza michezo 224, kwa wastani wa pointi 2.2.

Baada ya hapo hakurudi nyumbani kujificha. Alicheza Yokohama, Japani, akarudi Marekani kwenye ligi ndogo, kisha akaenda Taiwani. Alikuwa amevuka miaka 30 na bado analipwa kwa mpira. Ni Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Mwalimu wa Kasikeu akisema alishindwa, mimi nitamuuliza: alishindwa na nani? Na wale ambao mwaka ule hawakufika hata Houston tuwaiteje?

Mmarekani ambaye hakuchaguliwa

Sasa nimlete mtu wa pili. Bobby Dixon alizaliwa Chicago mwaka 1983. Alicheza nafasi ya gadi, yaani mchezaji wa nje anayeuongoza mpira na kuwagawia wengine. Urefu wake ni futi 5 na inchi 10, wakati Hasheem ana futi 7 na inchi 3. Ukiwasimamisha pamoja, mmoja utamwita mwana na mwingine baba. Dixon alisoma Chuo Kikuu cha Troy, jimbo la Alabama. Mwaka 2006, zamu yake ilipofika, hakuna timu ya NBA iliyolitaja jina lake. Hakuwahi kucheza NBA hata mchezo mmoja.

Alikwenda Ulaya. Alipita Ufaransa, Italia na Urusi, kisha akatua Uturuki katika klabu ya Pınar Karşıyaka ya mji wa Izmir. Mwaka 2015 klabu hiyo ikawa bingwa wa Uturuki, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1987, na Dixon akawa mchezaji bora wa fainali. Mwaka huohuo akapata uraia wa Uturuki, akachukua jina la Ali Muhammed, akavaa jezi ya taifa hilo katika mashindano ya Ulaya. Fenerbahçe ya Istanbul ikamchukua. Tarehe 21 Mei 2017, Fenerbahçe waliwafunga Olympiacos ya Ugiriki 80 kwa 64, na kuwa klabu ya kwanza ya Uturuki kutwaa Euroleague, kikombe kikubwa kuliko vyote vya klabu za Ulaya. Ali Muhammed alikuwa kikosini.

Basi hao ni wawili. Mmoja alichaguliwa wa pili katika dunia nzima, mwingine hakuchaguliwa kabisa. Ukihesabu vikombe, aliyeachwa ndiye aliyevuna zaidi.

Soko la Ulaya lilivyo

Vijana wetu hudhani kwamba nje ya NBA kuna giza. Hesabu yenyewe ni hii. NBA ina timu 30, na kila timu ina nafasi za kawaida 15. Hao ni watu 450. Kila mwaka huchaguliwa vijana wasiozidi 60 kutoka duniani kote. Wengine wote wenye kipaji huenda wapi? Huenda Uhispania, Uturuki, Ugiriki, Italia, Ufaransa, Ujerumani, Lithuania, na siku hizi Japani na Uchina.

Mchezo wa huko hauko sawa na wa NBA. Robo moja ni dakika 10, si 12. Mstari wa pointi tatu uko mita 6.75, ilhali wa NBA ni mita 7.24 sehemu kubwa. Senta wa Ulaya aruhusiwa kusimama chini ya kikapu chake akingoja, jambo ambalo NBA huliadhibu baada ya sekunde tatu. Kwa hivyo njia ya kuelekea kikapuni hujaa watu, na gadi mwenye akili ya kupanga mchezo huwa na thamani kubwa. Ndiyo sababu mtu wa futi 5 na inchi 10 aliweza kula mkate wake huko.

Maisha yenyewe si ya starehe tupu. Mikataba mingi ni ya msimu mmoja, na mtu akishindwa kucheza kwa miezi miwili huletewa wa kuchukua nafasi yake. Kila mwaka ni mji mpya, lugha mpya, baridi mpya. Katika nchi nyingi timu ikifanya vibaya hushushwa daraja, na mishahara hushuka nayo. Ziko klabu zinazochelewesha malipo, tena kesi ni nyingi, hata shirikisho la dunia, FIBA, likaanzisha mahakama ya usuluhishi mwaka 2007, makao yake Geneva, ili mchezaji apate pa kudai. Kijana akienda, mkataba wake usomwe na mtu anayejua kusoma mikataba. Asiuridhie kwa sababu ya tiketi ya ndege.

Pasipoti tuliyo nayo bure

Jambo hili ndilo lililonishangaza zaidi nilipokuwa nikifuatilia, na sijamsikia mwalimu yeyote akiwaambia wanafunzi wake.

Ligi nyingi za Ulaya huweka kikomo cha wachezaji wa kigeni. Mmarekani huingia katika kikomo hicho, ndiyo maana Wamarekani wengi hutafuta uraia mwingine. Mwaka 2000 nchi za Umoja wa Ulaya zilitia saini mkataba wa Cotonou na nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki, Kenya, Uganda na Tanzania zikiwamo. Mkataba ule ulikataza kumbagua mfanyakazi wa nchi hizo aliyeajiriwa kihalali Ulaya. Kwa msingi huo ligi kuu ya Uhispania imekuwa ikimhesabu mchezaji mwenye pasipoti ya nchi hizo tofauti na Mmarekani, na huko humwita kabisa mchezaji wa Cotonou. Mkataba wenyewe sasa umerithiwa na ule wa Samoa, uliotiwa saini mwaka 2023.

Mmoja wa waliofaidika ni Brandon Davies, Mmarekani mwenye pasipoti ya Uganda, aliyekuwa bingwa wa Uhispania na Barcelona mwaka 2021. Yaani Mmarekani amefika mpaka Kampala kwa pasipoti, na kijana wa Kasikeu anaweza kuipata ya kwake kwa kujaza fomu na kulipa ada. Kilichobaki ni mchezo wenyewe, na mchezo hujengwa.

Mkenya aliyetangulia

Isisemwe kwamba haya ni ya watu wengine. Tylor Ongwae, Mkenya, alipitia chuo cha Ranger kule Texas na Chuo Kikuu cha Louisiana Monroe, kisha akacheza Ulaya, ikiwamo klabu ya Bakken Bears ya Denmark. Februari 2021 mjini Yaoundé, Kenya ilikuwa nyuma ya Angola, vigogo wa Afrika, sekunde zikiisha. Ongwae akatupa, mpira ukaingia, mchezo ukaisha 74 kwa 73. Kwa mtupo huo Kenya ikarudi kwenye mashindano ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1993. Kocha alikuwa Liz Mills, mwanamke kutoka Australia.

Hata njia zimeongezeka. Tangu 2021 kuna Ligi ya Afrika, BAL, iliyoanzia Kigali. Khaman Maluach, mkimbizi wa Sudan Kusini aliyelelewa Uganda, alipita humo akiwa bado mwanafunzi, na mwaka 2025 alichaguliwa wa kumi NBA.

Jibu langu

Nakiri nina deni katika jambo hili. Mdogo wangu wa kufuatana naye alikuwa mrefu na mwepesi, na zamani kidogo shule moja ya bara ilimtaka kwa ajili ya mpira. Baba alikuwa ameshafariki, kwa hivyo neno lilikuwa langu. Nikasema yaleyale: mpira haulishi. Leo ni utingo wa lori. Kazi ya halali, alhamdulillahi, na hajawahi kunilaumu. Lakini akipita watoto wakicheza, husimama. Mimi hutazama upande mwingine.

Kwa hivyo sitamwambia kijana wa Kasikeu kwamba atafika NBA. Karibu hakika hatafika, na babake ana haki ya kuogopa. Nitamwambia hivi: mwanangu, ulichopewa si NBA, ni karo. Shule iliyokuita imekupa punguzo la masomo, basi masomo hayo uyachukue kwa mikono miwili. Hasheem, Dixon na Ongwae wote walipanda ngazi ileile, darasani kwanza, kisha chuo, kisha mshahara. Mpira ukikuacha njiani, cheti kitabaki nawe. Jifunze kudunda kwa mkono wa kushoto, maana warefu wengi husahau.

Na kwa babake: mzee, mwache aende, lakini ripoti ya muhula uitake kila mara kabla ya kuuliza alifunga pointi ngapi.

Shemeji anarudi huko ndengu zijazo zikivunwa. Nitampa nakala ya makala haya aipeleke kwa mkono, ikiwa muhula hautakuwa umeshafunguliwa.