UZI: "Nguo za kabila lako ziko wapi?" Historia fupi ya swali linalorudi kila msimu wa siasa

1. Kampeni zikianza, kuna picha moja lazima utaiona. Mgombea amefika mji fulani, wazee wanamvisha ngozi au shuka, wanamkabidhi fimbo na usinga. Kesho yake huku mtandaoni tunagawanyika. Hawa wanasema anaheshimu utamaduni, wale wanasema anatuchezea. Halafu mtu anauliza: kwani mavazi yetu halisi ni gani? Niliahidi kueleza mjadala huu bila kutaja mwanasiasa wala chama. Twende polepole.

2. Nianze nyumbani. Nimekulia Karagita, Naivasha. Kwa wale hawajafika, ni mtaa wa nyumba za kupanga kusini mwa mji, karibu na ziwa, na wengi wetu tumelelewa na mshahara wa mashamba ya maua. Ploti yetu ilikuwa na majirani kutoka Kisii, Busia, Machakos na Nyeri. Mama alitoka Vihiga. Nikiwa darasa la tano, shule ilitangaza siku ya utamaduni: kila mtoto aje na nguo za kabila lake. Mama alifungua sanduku, akanifunga leso yake nzuri. Mwalimu akaniangalia akasema, "Hiyo ni ya watu wa Pwani. Ya kwenu iko wapi?" Sikuwa na jibu. Nilikaa nyuma siku nzima.

3. Sasa nasoma sayansi ya siasa na swali hilo bado linanifuata. Basi tuanze na leso yenyewe. Neno lina asili ya Kireno. Karne ya 19, wanawake wa Pwani na Zanzibar walinunua vitambaa vya leso vilivyoletwa na biashara ya ng'ambo, wakavishona pamoja wapate nguo moja kubwa. Baadaye wafanyabiashara wakaanza kuagiza kitambaa kizima chenye michoro. Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kama Abdulla, alianza biashara yake mwaka 1887, na jina "Mali ya Abdulla" linajulikana mpaka leo. Kwa miaka mingi leso zilichapwa ng'ambo. Kumbe hata huyo "mtu wa Pwani" alianza kwa kununua kitu cha mgeni!

4. Lakini angalia alichokifanya nacho. Zanzibar, utumwa ulipigwa marufuku mwaka 1897. Wanawake waliokuwa watumwa walikuwa wamezoea kuvaa merikani, ile pamba ya bei ya chini kutoka Marekani, au kaniki iliyotiwa rangi nyeusi. Walipopata uhuru wao wakachukua kanga za rangi. Nguo ikawa tangazo: mimi si mali ya mtu. Kitambaa kilitoka mbali, lakini maana waliiweka wao.

5. Turudi ziwani. Jina Naivasha linatokana na neno la Kimaasai, Nai'posha, maji yanayochafuka. Leo ukisema "vazi la Kiafrika", watalii na hata sisi wenyewe tunafikiria shanga na shuka nyekundu ya Wamaasai. Zamani vazi lao lilikuwa ngozi, na mwili ulipakwa mafuta na udongo mwekundu. Shanga za kioo ziliingia kwa wingi karne ya 19 kupitia misafara ya biashara kutoka Pwani, nyingi zikitengenezwa Venice na Bohemia huko Ulaya. Shuka ya kiwandani ilichukua nafasi ya ngozi baadaye zaidi, karne ya 20.

6. Kwa hivyo shuka si yao? Hapana, ni yao kabisa. Shanga zilikuja kama bidhaa tupu. Akina mama wa Kimaasai ndio walioziunga zikawa lugha inayosema rika, ndoa na uzazi. Anayepima umiliki kwa kuuliza kitambaa kilitoka wapi anauliza swali dogo. Swali kubwa ni nani aliyekipa maana.

7. Kuna pambo lingine ambalo hatulionyeshi siku ya utamaduni. Mkataba wa 1904 uliwahamisha Wamaasai kutoka Bonde la Ufa la kati, pamoja na eneo hili la Naivasha, ili walowezi wapate ardhi. Mkataba wa 1911 ukawatoa tena Laikipia kuelekea kusini. Mashamba ya walowezi yakahitaji vibarua. Sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimu mwanaume Mwafrika wa kuanzia miaka 16 kubeba kipande: alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara. Kiliwekwa ndani ya kikopo cha chuma, kikaning'inizwa shingoni. Ukikutwa bila hicho ni kosa la jinai. Watu walikifananisha na kengele ya mbuzi.

8. Weka mkufu wa shanga na kipande pamoja. Vyote huvaliwa shingoni, vyote husema wewe ni nani. Tofauti ni kwamba kimoja umevishwa na mama yako na kingine umevishwa na serikali ili usitoroke kazi. Ndiyo maana mimi huwa nauliza kwanza nani ameamua vazi hili livaliwe.

9. Uhuru ulipokuja 1963, bendera ilibeba ngao ya Kimaasai na mikuki miwili. Pambo la jamii moja likawa letu sote. Vazi la taifa halikubahatika hivyo. Mwaka 2004 lilizinduliwa vazi la kitaifa, mradi uliofadhiliwa na kampuni ya sabuni. Enyewe, mara ya mwisho umemwona nani amelivaa? Katiba ya 2010, kifungu cha 9, inataja alama za taifa: bendera, wimbo, nembo na muhuri. Vazi halimo. Bungeni nako, mwaka 2023 ile suti isiyo na tai inayoitwa kaunda ilikatazwa, mwanaume akatakiwa avae koti na tai. Fikiria hilo ukiona wanasiasa wamevalishwa ngozi kijijini.

10. Na kina dada tunajua upande mwingine wa mjadala huu. Novemba 2014 wanawake walivuliwa nguo hadharani Nairobi, wanaume wakidai wanalinda utamaduni. Utamaduni gani? Kabla ya pamba kuingia, jamii nyingi za bara zilivaa ngozi zilizoacha sehemu kubwa ya mwili wazi. Waliosema huo ni uchi wa kishenzi ni wamishonari. Leo tunarudia hukumu yao na kuiita mila yetu.

11. Sasa kwa nini hili si suala la mitindo tu. Januari 2008 watu waliuawa Naivasha kwa sababu ya kabila, wengine wakichomwa ndani ya nyumba. Maelfu walikimbilia kituo cha polisi na gereza. Mama alikuwa mmoja wao. Mimi nilikuwa na miaka mitatu, akanibeba mgongoni. Njiani vijana walikuwa wanasimamisha watu na kuwauliza majina na lugha. Lile swali la "ya kwenu iko wapi?" ni dada mdogo wa swali la "kwenu ni wapi?". Mwalimu wangu hakuwa na nia mbaya, najua. Lakini Naivasha swali hilo lina historia.

12. Kwa hivyo ukiingia kwenye mjadala, tenganisha mambo mawili. La kwanza: nani anafaidika? Jamii ikiona shanga zake zinauza hoteli, mikoba na kalenda huku yenyewe haipati kitu, malalamiko yake ni ya haki. Kifungu cha 11 cha Katiba kinalitaka Bunge litunge sheria ili jamii zilipwe utamaduni wao ukitumiwa, na mwaka 2016 ikapitishwa sheria ya kulinda maarifa na sanaa za jadi. Mdai mwakilishi wako aseme imetekelezwa vipi.

13. La pili: nani ana haki ya kuwa hapa? Hilo halijibiwi na nguo. Mtu akitumia mavazi kusema huyu mwenyeji na yule wa kuja, amehama kutoka utamaduni akaingia kwenye siasa ya kufukuzana, hata kama amevaa vizuri namna gani.

14. Na mgombea akivishwa ngozi, usicheke na usishangilie kwanza. Uliza: wazee waliomvisha wametumwa na nani, na amewaahidi nini kuhusu ardhi, maji na mishahara? Ngozi ataivua jioni. Ahadi iandike.

15. Leso ile mama bado anayo. Ndiyo aliyonibebea 2008, na ndiyo aliyonifunga siku ya utamaduni. Nilimuuliza majuzi mbona hakumwambia mwalimu. Akasema, "Ningemwambia nini? Hiyo ndiyo nguo ya kwetu." Nyinyi je, kwenu mnavaa nini, na ilianza kuvaliwa na nani? Andikeni hapo chini, nitasoma zote.