Mwalimu Apimwe kwa Mizani ya Haki



Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa taifa tunaouita Exetat yanapotangazwa, hukumu hutolewa upesi, barazani na hata nje ya kanisa baada ya Misa. Shule yenye ufaulu wa asilimia 90 husifiwa. Ile yenye asilimia 30 hudharauliwa, na walimu wake hutajwa kwa ukali. Wengi wenu bado mnafundishwa na walimu hao, na baadhi yenu mnatamani kuwa walimu. Ndiyo maana tunauliza: je, ni haki kumhukumu mwalimu wa shule ya serikali, hapa kwetu Masisi na Walikale, kwa alama za wanafunzi wake peke yake? Ili tujibu vema, tuitazame kwanza historia.

Shule nyingi za nchi yetu zilizaliwa katika misioni. Kwa mapatano ya tarehe 26 Mei 1906 kati ya Kiti Kitakatifu na Dola Huru ya Kongo, misioni za Kikatoliki zilipewa ardhi, nazo zikakubali wajibu wa kufungua shule. Baada ya uhuru, mwaka 1967, Serikali ilianzisha Exetat ili diploma ya sekondari iwe na thamani moja nchini kote. Tulishike neno hili: mtihani huo uliwekwa kumpima mwanafunzi anayetafuta diploma, haukuwekwa kumpima mwalimu. Mwishoni mwa mwaka 1974 utawala wa Mobutu ulizitaifisha shule za makanisa. Tarehe 26 Februari 1977 mkataba uliyarudishia makanisa usimamizi wake. Tangu hapo mwalimu wa shule ya parokia ni mtumishi wa umma: Kanisa humsimamia, na Serikali ndiyo yenye wajibu wa kumlipa.

Wajibu huo haukutimizwa. Katika miaka ya 1980 fedha za elimu zilipungua sana, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 walimu waligoma. Kuanzia mwaka wa masomo 1992-1993 wazazi walianza kuwachangia walimu ada ya motisha, ile iliyozoeleka kwa jina la prime. Jambo lililofikiriwa kuwa la muda likadumu zaidi ya miaka 25. Nasi huku tulikuwa na mzigo wa ziada. Mwezi Machi 1993 mauaji yalianza katika soko la Ntoto, Walikale, na vita vikaenea hadi Masisi. Hivyo mzazi aliyepoteza shamba na mifugo yake ndiye aliyetakiwa kumlipa mwalimu, na mwalimu aliyekimbia pamoja naye akategemea mfuko huo uliokuwa mtupu.

Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, ilitamka kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ya bure. Utekelezaji ulianza Septemba 2019. Watoto waliokuwa wakifukuzwa kwa kukosa ada walirudi, na hilo tunamshukuru Mungu. Lakini madarasa yalijaa kupita kiasi, na walimu wengi hawakuwamo katika orodha ya mishahara ya Serikali. Wao walipoteza prime ya wazazi bila kupata mshahara wa Serikali.

Sasa tuiangalie asilimia yenyewe. Tuchukue mfano: mwalimu wa Nyabiondo anaanza mwezi Septemba akiwa na wanafunzi 40. Kabla ya Pasaka, 18 wamekimbilia upande wa Sake, na 10 wamefika kutoka vijiji vingine, bila madaftari wala karatasi za shule. Wavulana wanne wameingia machimboni. Siku ya mtihani wanaketi 28. Alama zao ni kazi ya nani? Asilimia haisemi ni nani alifundishwa miezi tisa na ni nani alifundishwa miwili. Haisemi pia kama darasa liligeuzwa makao ya wakimbizi. Vita vilipofika Masisi-Kati Januari 2025 na mji wa Walikale Machi 2025, kuna walimu waliokuwa wakitafuta kwanza watoto wao wenyewe.

Nchi nyingine zimekwisha kujaribu kumpima mwalimu kwa mtihani, na mang'amuzi yao yanatufaa. Nchini Uingereza, mwaka 1862, ilitungwa kanuni iliyofanya ruzuku ya shule itegemee mahudhurio na idadi ya watoto waliofaulu mbele ya mkaguzi katika kusoma, kuandika na hesabu. Walimu wakawakaririsha watoto kurasa za kitabu cha mtihani, na masomo mengine yakapuuzwa. Matthew Arnold, mshairi aliyekuwa pia mkaguzi wa shule, aliupinga utaratibu huo kwa miaka mingi. Uliachwa katika miaka ya 1890.

Karibu nasi, Serikali ya Tanzania ilianza mwaka 2013 kuzipanga shule za msingi hadharani kwa matokeo ya mtihani wa darasa la saba. Watafiti waliofuatilia mpango huo waliona kwamba katika shule zilizoshika mkia kiwango cha ufaulu kilipanda, lakini idadi ya watoto waliofanya mtihani ilipungua. Tuutafakari ukweli huo. Shule ikiogopa aibu, mtoto dhaifu hugeuka mzigo wa kuondolewa kabla ya siku ya hesabu. Jaribio jingine la Tanzania, la mwaka 2013 na 2014, katika shule 350, liliahidi walimu zawadi kwa kila mtoto aliyefaulu. Shule zilizopewa fedha za vifaa peke yake hazikuonyesha maendeleo katika masomo. Maendeleo makubwa zaidi yalionekana pale fedha za vifaa na zawadi ya mwalimu vilipokwenda pamoja. Bidii ya mwalimu ina maana kubwa, lakini inahitaji chaki, vitabu na mahali pa kufundishia.

Hatusemi haya ili kumfunika mwalimu mzembe. Yuko mwalimu asiyefika darasani, na yuko anayeuza alama. Mtoto wa maskini, asiye na shule nyingine ya kukimbilia, ndiye anayeumia kwanza. Haki kwa mwalimu isigeuke dhuluma kwa mwanafunzi.

Injili inatuonyesha njia. Katika mfano wa talanta, Mathayo sura ya 25, bwana aliwagawia watumishi kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake. Aliyepokea mbili akazalisha mbili alipokea sifa ileile ya aliyepokea tano akazalisha tano. Bwana hakuwalinganisha kwa jumla waliyoleta. Aliangalia alichompa kila mmoja na alichoongeza. Na yule aliyefukia talanta yake hakuachwa bila kuulizwa. Hii ndiyo mizani tunayoitafuta: mwalimu aulizwe mtoto alifika darasani akijua nini na amefikishwa wapi. Aulizwe juu ya yale yaliyo katika uwezo wake, yaani kuhudhuria, kuandaa somo, kusahihisha kwa uaminifu na kutomtupa mtoto dhaifu. Yaliyo nje ya uwezo wake, kama mshahara, usalama na idadi ya wanafunzi, waulizwe wenye dhamana: Serikali, wasimamizi wa shule, na sisi wazazi na waumini.

Mizani ya haki inawadai ninyi pia. Anayenunua majibu ya Exetat anadanganya juu yake mwenyewe na juu ya mwalimu wake. Mwenyeheri Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma, aliuawa mwaka 2007 kwa sababu alikataa rushwa ili vyakula vilivyoharibika visiwafikie watu. Alitangazwa Mwenyeheri tarehe 15 Juni 2025. Kazi yake ilikuwa kukagua, naye hakukubali kuita kizuri kilicho kibovu. Nasi tusikubali kuita kibovu kilicho kizuri, tunapomtazama mwalimu aliyebaki na watoto wetu chini ya turubai.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Katika shule ya parokia yetu, ni wanafunzi wangapi walioanza mwaka hawakufika siku ya mtihani? Kwa nini?
2. Ni mambo gani tunayoweza kumdai mwalimu kwa haki, na yapi tunapaswa kuwadai wengine?
3. Kikundi chetu kinaweza kufanya nini mwaka huu ili mtoto mmoja aliyeacha shule arudi darasani?